Balarama, aliyekataa upande katika vita vya Mahabharata

Mahabharata ni utenzi wa kale wa Kihindi unaosimulia vita kati ya jamaa wawili wa ukoo mmoja, Pandava na Kaurava. Ukiuliza ni mungu gani hakuchukua upande katika vita hivyo, wengi watakujibu Krishna, kwa kuwa hakushika silaha. Si kweli. Krishna aliendesha gari la vita la Arjuna, mmoja wa ndugu watano wa Pandava, na kuwapangia mbinu. Aliyejitenga hasa ni kaka yake Balarama, ambaye silaha yake ni plau, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Fundo liko kwenye undugu. Kunti, mama wa Pandava watatu wakubwa, ni shangazi yake. Subhadra, dada yake, ameolewa na Arjuna. Ila Duryodhana, kiongozi wa Kaurava, amejifunza kwake kupigana kwa rungu, kama alivyojifunza Bhima wa Pandava.

Katika kitabu cha tano, Udyoga Parva, Duryodhana anamfuata Balarama Dvaraka, mji wake na Krishna, kumwomba msaada. Balarama anakataa: hatamsaidia yeye wala wana wa Kunti, kwani hawezi kukaa bila Krishna hata kitambo. Wasimulizi wengi husema alimpendelea Duryodhana, lakini utenzi unampa maneno mengine: anawapenda wanafunzi wake wawili sawasawa, na amemsihi Krishna faraghani mara nyingi awatendee jamaa wote vivyo hivyo. Krishna hakukubali, kwa ajili ya Arjuna. Naona hapo ndipo mlango ulipofungwa. Akienda kwa Duryodhana, atapigana na mdogo wake. Akienda kwa Pandava, atamwangamiza mwanafunzi wake.

Basi akaenda kuhiji kandokando ya mto Sarasvati, asiyaone maangamizi ya Wakuru, yaani ukoo wa pande zote mbili. Safari ilichukua siku 42: alitoka mwezi ukiwa kwenye nyota za Pushya, akarudi ukiwa kwenye nyota za Shravana. Vita vilidumu siku 18, naye akafika siku ya mwisho, Bhima na Duryodhana wakijiandaa kupambana.

Sheria ya rungu inakataza kupiga chini ya kitovu. Bhima akamvunja Duryodhana mapaja. Balarama, aliyekwepa vita vyote, akainua plau na kumwendea Bhima, mpaka Krishna akamkumbatia kwa nguvu kumzuia. Damu ya jamaa aliweza kuikimbia. Sheria aliyoifundisha mwenyewe kuvunjwa mbele ya macho yake hakuweza kuivumilia. Krishna akamweleza kuwa Bhima alikuwa ametimiza kiapo chake cha kumvunja Duryodhana mapaja. Balarama hakuridhika. Akatamka kwamba Bhima atajulikana duniani kama mpiganaji wa hila, akapanda gari lake, akarudi Dvaraka.