Pro bono kwa mfungwa maana yake nini?

Pro bono ni Kilatini kilichokatwa. Kirefu chake ni pro bono publico, yaani kwa manufaa ya umma: wakili anaibeba kesi na mteja hatozwi ada. Mteja akiwa mfungwa, wengi hudhani wakili anahangaika kumtoa. Mara nyingi sivyo. Hukumu inabaki palepale. Kinachobishaniwa ni anavyotendewa huko ndani. Amepigwa, kanyimwa dawa, anazuiwa kusali, barua za wakili wake zinasomwa na askari.

Nchini Marekani tofauti hiyo ina uzito wake. Mwaka 1963, katika kesi ya Gideon, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo lazima apewe wakili. Mfungwa anayelilalamikia gereza, hata hivyo, si mshtakiwa tena. Yeye ndiye mdai, shauri ni la madai, na hapo hana haki ya kupewa wakili. Jaji anaweza kumwomba wakili ajitolee, lakini mwaka 1989 mahakama hiyohiyo ilisema sheria inayomruhusu kuomba haimruhusu kulazimisha. Ndiyo maana wafungwa wengi hujiandikia hati zao wenyewe, kwa mkono.

J. W. Gamble wa Texas alianza hivyo. Novemba 1973 robota la pamba lilimwangukia akipakua lori katika kazi za gerezani, akaumia mgongo. Aliandika madai yake kwa mkono, kwamba matibabu hayakutosha na alipokataa kufanya kazi aliadhibiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1976 ikatamkwa kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba. Cha ajabu, Gamble mwenyewe alishindwa dhidi ya daktari wa gereza. Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilikaza kamba kwa sheria mpya. Mfungwa sharti kwanza amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza, kwa fomu zao na muda wao. Akiruka ngazi moja, kesi hutupwa bila kuguswa kiini chake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili wa kujitolea haina mbwembwe hata kidogo: kutafuta nakala za fomu, kulinganisha tarehe, kuuliza nani alipokea na lini.

Mfungwa akishinda, mahakama inaweza kuamuru upande wa pili umlipe wakili ada yake, ila sheria hiyo ya 1996 imeweka kikomo: asilimia 150 ya fidia aliyopewa mfungwa. Na wapo waliopewa fidia ya dola 1 tu. Wakili hapo anaambulia dola 1 na senti 50.