Injini ya rota imetoka kufungwa upya na haiwaki: dhana potofu na ukweli

Injini ya Mazda 13B ina rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), kila rota ina nyuso tatu, na haina valvu wala kamshafti. Fundi mzuri wa pistoni, awe Kamalondo au Ruashi hapa Lubumbashi, hupotezwa na mazoea yake pale injini hii inapokataa kuwaka baada ya kufungwa upya. Nyingi huwa nzima kabisa, ila zinauawa kwa haraka ya siku ya kwanza.

"Endelea kupiga starti, ni mpya, itashika yenyewe."

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kila starti isiyowasha inamwaga esanse ndani, na esanse inaosha mafuta ya injini yanayosaidia sili za ncha (vizibo vilivyo kwenye pembe tatu za rota) kuziba. Mafuta yakiisha kompresio (nguvu ya kubana hewa ndani) inashuka, kompresio ikishuka injini haiwaki, nawe unaongeza esanse nyingine. Ukipiga starti sekunde 10 mara mbili bila dalili ya kuwaka, simama.

Toa fyuzi ya pampu ya esanse na uchomoe plagi za umeme za koili, maana cheche moja kwenye mvuke wa esanse inatosha kuunguza gari. Fungua buji zote 4, piga starti sekunde chache chache hadi matundu yaache kutema. Kisha tia mafuta ya injini, kijiko kimoja cha chai, kwenye tundu la buji la chini la kila rota. Zungusha puli ya mbele mzunguko mmoja kamili kuelekea upande injini inakozungukia, tia tena, zungusha, tia mara ya tatu. Shafti ikizunguka mara moja, rota inasogea theluthi tu, ndiyo maana bila kurudia hivyo uso mmoja unapata mafuta na nyingine mbili zinabaki kavu. Rudisha buji kavu, koili na fyuzi. Ikiwaka itatoa moshi mwingi kwa dakika kadhaa. Usiogope, ni mafuta uliyotia yanaungua. Kwa RX-8, gari la Mazda lenye injini hii, kukanyaga pedali ya mwendo hadi chini wakati wa starti kunakata esanse, na hilo linasaidia injini iliyolowa kidogo.

"Kipimo kimeonyesha namba nzuri, kompresio ipo."

Kipimo cha pistoni kinashikilia uso wenye nguvu kuliko yote na kuficha nyingine. Toa valvu ndogo iliyo ndani ya mpira wake, acha sindano irukeruke. Buji ya pili ya rota hiyohiyo ibaki imefungwa, pedali iwe chini kabisa, kisha tazama: miruko mitatu iliyo sawa ni heri. Miwili inayofuatana ikiwa dhaifu, shuku sili moja ya ncha, kwa kuwa sili hiyo inatenganisha nyuso mbili. Mmoja tu ukiwa dhaifu, tazama sili za ubavu (zinazoziba pande bapa za rota). Yote mitatu ikiwa chini, angalia betri na starta kwanza kabla ya kufungua chochote.

Kwa RX-8 kiwango cha chini cha kiwanda ni kilopaskali (kPa) 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika, na nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya kPa 150. Lakini Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo kPa 590 hapa ni sawa na 680 pwani. Goma na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, hesabu kama 570. Injini nzima zimehukumiwa kufa kwa kusahau hili.

"Haina valvu, basi haina taimingi."

Ina taimingi ya cheche, yaani wakati hasa wa kuipiga. Kwenye Mazda RX-7 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, sensa inayosoma mzunguko wa shafti inaingia kwa gia, na ikikosewa jino moja tu injini itapiga kelele bila kuwaka. Weka alama ya njano ya puli kwenye pini yake, linganisha nukta ya gia na alama ya mwili wa sensa, ndipo uishushe.

"Buji ni buji."

Hapana. Za chini (L) ndizo zinazowasha. Za juu (T) zinasaidia tu. Kwa RX-8 ni NGK RE7C-L chini na RE9B-T juu. Nyaya za L zikihamia T, utapimia cheche nzuri na gari halitawaka.

"Ivutwe na gari lingine."

Inaweza kuwaka, kweli, kwa sababu kasi imeficha kompresio ndogo. Esanse isiyoungua inaenda kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuichoma. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba, dawa ni betri yenye nguvu, isiyoshuka chini ya volti 10 wakati wa starti.

"Mafuta kwenye esanse yanaua injini."

Rota imeundwa inywe mafuta; ina pampu yake ya kuyapeleka kwenye sili. Baada ya ukarabati pampu hiyo inaweza kuwa na hewa ndani, kwa hiyo tangi la kwanza changanya mafuta safi ya pikipiki za mipigo miwili, mililita 8 kwa kila lita ya esanse.