Mkeka wa Butili Hauzuii Kelele: Dhana Potofu Kuhusu Kutuliza Sauti Ndani ya Gari

Dhana ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wenye magari hapa Nairobi ni kwamba gari hunyamaza kwa kadiri linavyobandikwa mikeka ya butili (aina ya mpira laini unaonata), ile myeusi yenye karatasi ya alumini upande wa juu. Mteja hufika na picha kwenye simu yake, picha ya gari lililong'olewa viti na kapeti na kufunikwa rangi ya fedha kuanzia sakafuni hadi paani, kisha husema, "Fundi, nifanyie hivi hivi, na ikiwezekana weka tabaka mbili." Picha hizo hupendeza macho, na mafundi wengi wanazikubali bila kuuliza swali kwa sababu malipo yao huhesabiwa kwa mita ya mraba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya butili inayoonekana pale haina kazi inayofanya, na mwenye gari akirudi barabarani hushangaa kwamba ngurumo ya matairi aliyoilipia pesa nyingi ingalipo.

Chanzo cha kosa hili ni kudhani kwamba kelele ni kitu kimoja na dawa yake ni moja. Mkeka wa butili umetengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kukata mtetemo wa bati. Bati pana la mlango, la sakafu au la paa likitikiswa na barabara, injini au spika, hutetema na kutoa mlio wake lenyewe. Butili inayonata kwenye bati hilo imebanwa kati ya bati na alumini, kwa hiyo bati linapopinda upande mmoja na alumini ikakataa kulifuata, butili iliyo katikati huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtetemo huishia ndani yake kama joto dogo sana. Hii ndiyo sababu alumini si pambo wala si kinga ya vumbi. Mkeka wenye alumini ya unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita hutuliza bati vizuri kuliko mkeka mnene zaidi wenye karatasi inayochanika kwa ukucha, na mteja anayeniuliza unene wa butili peke yake huwa ameacha kuuliza nusu ya swali.

Kiganja kikiwekwa juu ya ngozi ya ngoma hukata mlio wa ngoma hiyo, lakini hakizuii mlio wa ngoma inayopigwa nyumba ya pili. Sauti inayosafiri hewani, iwe ni ya matairi ya lori lililo kando yako kwenye Barabara ya Mombasa, ya upepo au ya honi, haitegemei bati lako kulia ili ikufikie. Hupenya bati, hupita kwenye matundu, na zaidi ya yote hupita kwenye vioo.

Kwa kuwa kazi ya mkeka ni kukata mtetemo, hauhitaji kufunika kila sentimita. Bati tambarare lililofunikwa robo hadi theluthi ya eneo lake, katikati panapotikisika zaidi, huwa limepata sehemu kubwa ya manufaa linaloweza kupata, na ukivuka nusu faida inayoongezeka ni ndogo mno kulingana na gharama. Pembeni, kwenye mikunjo na kwenye mbavu za chuma, bati ni gumu tayari na halilii. Kipimo chake ni kifundo cha kidole: gonga bati kabla ya kubandika, usikilize linavyolia kama debe, kisha bandika kipande kimoja katikati na ugonge tena. Likitoa sauti fupi iliyokufa, hapo pametosha, nenda kwenye bati linalofuata. Namsihi kila mteja asimame nami tunapofanya jaribio hili, kwa sababu baada ya kulisikia kwa masikio yake hoja ya tabaka mbili huisha yenyewe.

Anayesisitiza kwamba tabaka nyingi zitakuwa ukuta wa kuzuia sauti, namwomba tupige hesabu. Kwa kukadiria, kila uzito wa kizuizi kwa mita ya mraba unapoongezeka maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio la binadamu huhitaji punguzo la desibeli 10 hivi ili lihisi kwamba kelele imepungua kwa nusu. Bati la unene wa milimita 0.8 lina uzito wa kilo 6.3 hivi kwa mita ya mraba. Mkeka wa butili wa milimita 2 una kilo 3.5 hivi. Kwa hiyo tabaka zima, lisiloacha hata upenyo mmoja, huongeza chini ya desibeli 4 za kuzuia, na tabaka la pili huongeza chini ya desibeli 3 nyingine. Wakati huohuo, mita 10 za mraba za mkeka huo ni kilo 35, na tabaka mbili ni kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima unaobebwa kila siku na injini ya gari dogo kama Demio au Vitz inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Hayo ni malipo makubwa kwa manufaa ambayo vifaa vingine hutoa vizuri zaidi.

Vifaa vyenyewe ni viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni kizuizi, ambacho kwa kawaida ni shiti ya vinili nzito yenye kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, inayolazwa sakafuni chini ya kapeti na juu ya sponji isiyonyonya maji. Sponji hiyo ni lazima, kwa maana vinili ikigusana moja kwa moja na bati hutikisika pamoja nalo na kuwa uzito tu. Cha pili ni kinyonyaji, yaani pamba ya nyuzi za plastiki au ya kitambaa kilichosagwa, inayowekwa kwenye nafasi tupu nyuma ya paneli na chini ya kapeti ili kumeza sauti inayozungukazunguka humo. Kizuizi huharibiwa na upenyo kwa kiasi ambacho watu wengi hawakisadiki: asilimia moja tu ya eneo ikiwa wazi, kizuizi hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hata kama sehemu iliyobaki ni ya madini mazito ya risasi tupu. Ndiyo maana nasumbuka zaidi na raba zinazopitisha nyaya kutoka chumba cha injini, na matundu yaliyoachwa wazi na fundi wa redio au wa king'ora, kuliko ninavyosumbuka na mita za butili.

Tena, vioo havibandikwi mkeka. Mteja anayetaka asisikie muziki wa matatu iliyosimama ubavuni mwake kwenye foleni ya Barabara ya Waiyaki namwambia ukweli kabla hajatoa shilingi: sauti hiyo humjia kwa sehemu kubwa kupitia vioo vya milango, na hakuna butili itakayoiondoa. Baadhi ya magari, hasa ya bei ya juu, huwa na vioo vya milango vyenye tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa kutuliza sauti. Fielder yako haina.

Dhana ya pili inayofuata kwa madhara ni ile ya utepe wa kuziba paa la nyumba, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya chini, na ambao watu husema ni kitu kilekile. Mwingi wa utepe huo ni wa lami. Gari likiegeshwa juani kutwa, bati la paa hupata joto ambalo mkono hauvumilii, lami hulainika, hunuka, huteleza polepole kwenye mlango na hudondoka juu ya kitambaa cha paa, na safari moja ya kushuka Mombasa huikamilisha kazi hiyo. Kuibandua baadaye ni adhabu. Wapo watakaosema kwamba hata kiwandani gari huwekewa lami sakafuni, na ni kweli, lakini lami ya kiwandani hulazwa sehemu tambarare na kuyeyushwa ikashikamana na bati ndani ya tanuri la rangi, jambo ambalo kipuliza joto cha gereji hakiwezi kuiga. Utepe mwingine wa paa ni wa butili kweli, ila umetungwa ili uzuie maji na alumini yake huwa nyembamba, hivyo hutuliza bati kidogo. Kabla ya kununua, kunusa tu kunatosha: kikinuka barabara mpya, kirudishe.

Wengine huamini kwamba kelele yoyote ndani ya gari ni upungufu wa vifaa vya kutuliza sauti. Magari mengi tunayoendesha huingia nchini yakikaribia umri wa miaka minane, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa, na kufikia hapo mipira ya milango imelala na kukakamaa. Funga kipande cha karatasi kati ya mlango na mpira, kisha ukivute. Kikitoka bila kupinga, upepo na sauti hupita hapohapo, na mpira mpya utafanya kazi ambayo mkeka hautaifanya kamwe. Beringi ya gurudumu iliyokwisha huvuma, na mvumo wake mara nyingi hubadilika gari linapokata kona. Tairi lililolika kwa mawimbi hunguruma. Tairi gumu la bei rahisi huimba lenyewe, na hewa iliyo ndani ya tairi lolote ina mlio wake wa masafa ya Hezi 200 hadi 250 (mitetemo 200 hadi 250 kwa sekunde), unaoingia kwa njia ya mikono ya magurudumu na bodi. Gari lenye hitilafu kama hizi silipokei kwa kazi ya sauti hadi lirekebishwe. Baada ya hapo, fedha ya kwanza naiweka kwenye madigadi ya nyuma na sakafu ya buti, hasa kwa magari ya umbo la Fielder na Probox ambayo buti na chumba cha abiria ni kitu kimoja.

Kuhusu joto, karatasi ya alumini iliyofunikwa na kapeti haizuii joto la injini wala la ekzosi. Alumini hurudisha joto la mnururisho, yaani linalosafiri kama miale, pale tu inapotazamana na nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya vitu viwili hulipitisha, kwa kuwa ni metali inayopitisha joto vizuri sana. Inayopunguza joto la sakafu ni ile sponji.

Kubandika si kazi ya kuharakishwa. Bati hufutwa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa maana mkeka uliobandikwa juu ya vumbi na nta umebandikwa juu ya vumbi na nta, si juu ya bati. Kisha hukandamizwa kwa rola ndogo ngumu hadi michoro iliyo kwenye alumini ilale kabisa, kwani kila kiputo cha hewa kilichobaki ni sehemu isiyotuliza kitu na inayokaribisha unyevu. Butili nzuri haihitaji moto. Asubuhi za baridi za mwezi wa Julai, kuianika juani kidogo kunatosha. Kapeti lenye unyevu halirudishwi. Nimefungua sakafu nyingi baada ya mvua za masika na kukuta maji yametuama chini ya sponji, yameingia kwa mfereji wa kiyoyozi ulioziba au mpira wa mlango uliochoka, na kutu imeanza kazi mahali ambapo mwenye gari hawezi kuiona.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba matundu yote ya mlango yanapaswa kuzibwa. Matundu makubwa ya bati la ndani, ndiyo, yafunikwe, na spika zitatoa besi bora zaidi; lakini nafasi ndogo zilizo chini kabisa ya mlango ni njia ya maji ya mvua yanayopita kwenye kioo, na zikizibwa mlango huoza. Katika baadhi ya magari mapya, ndani ya mlango kuna kihisi kinachopima shinikizo la hewa ili kufyatua mfuko wa hewa wa ubavuni wakati wa ajali, na mlango wa namna hiyo usibadilishwe uzibaji wake kwa namna yoyote. Soketi za manjano zilizo chini ya viti ni za mifuko ya hewa pia: betri itenganishwe na isubiriwe dakika kadhaa kabla ya kuziachanisha, na pembe za paa ambako pazia la mfuko huo limekunjwa zisibandikwe chochote. Wenye Aqua, Prius na Fielder za mseto, yaani zinazotumia petroli na umeme, wakumbuke kwamba karibu na kiti cha nyuma kuna tundu la kuvuta hewa ya kupoza betri kubwa. Fundi akilifunika kwa pamba au kapeti jipya, betri hupata joto kupita kiasi, na kuibadilisha ni ghali kuliko kazi yote ya sauti niliyoieleza hapa. Mwonyesheni fundi tundu hilo kabla hajafungua kiti cha kwanza.