Ametoka Jela, Anakaribishwa Jukwaani: Maswali na Majibu kuhusu Maigizo na Afya ya Akili

Kaka yangu alitoka jela ya Kodiaga, Kisumu, tangu Krismasi. Anakula, anatembea Kondele apendavyo. Mbona bado hayuko sawa?

Kwa sababu mwili wake bado unafuata ratiba ya jela. Ndani, mtu huamshwa, huhesabiwa, huambiwa ale lini na alale lini. Hujifunza pia kuficha hofu na huzuni, maana anayeonekana mnyonge huonewa. Akirudi nyumbani anashtuka mlango ukigongwa, hakai mahali bila kuegemea ukuta, na hata kuamua avae shati gani kunamshinda. Juu ya hayo kuna majirani wanaonong'ona, shamba ambalo ndugu walishaligawana, watoto wasiomtambua, na mwajiri anayedai cheti cha mwenendo mwema.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya tafiti za wafungwa kutoka nchi 24, ulikuta unyogovu mkali kwa takriban mwanamume mmoja kati ya 10 na mwanamke mmoja kati ya 7. Kutoka langoni hakuuondoi. Katika jimbo la Washington, Marekani, utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kuachiliwa, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ikilinganishwa na raia wengine, sababu kubwa ikiwa dawa za kulevya. Hizo ni takwimu za Marekani, si za Kisumu. Nazitaja ili familia zisidhani kwamba siku ya kutoka ndiyo mwisho wa matatizo.

Haya huwapata pia waliokaa rumande kwa miaka, kisha mahakama ikawaona hawana hatia. Nadhani hao tunawasahau zaidi, maana hawana hata afisa wa probesheni wa kuwauliza hali.

Maigizo yanaingiaje hapo? Si burudani tu?

Watazamaji huona burudani. Kazi inayomfaa mwigizaji hufanyika wiki nyingi kabla, kwenye mazoezi.

Kwanza, kuna watu wanaomngoja. Akikosa Jumanne, mtu anapiga simu kuuliza kulikoni. Pili, kuna mwili. Mazoezi huanza kwa kupumua, kunyoosha viungo, kupaza sauti, na kumtazama mwenzako machoni bila mtazamo huo kuwa chokochoko. Kwa aliyezoea kuinamisha kichwa mbele ya askari jela, hilo si jambo dogo. Tatu, mhusika humpa ruhusa. Mwanaume ambaye hajalia mbele ya mtu kwa miaka kumi anaweza kulia akiwa baba wa kubuni anayemzika mwanawe, na hakuna atakayemwita dhaifu.

Kisha kuna mazoezi ya maisha yenyewe. Mbrazili Augusto Boal, ambaye serikali ya kijeshi ya nchi yake ilimfunga na kumtesa mwaka 1971, aliendeleza mtindo ambao watazamaji husimamisha mchezo, wakaingia jukwaani na kujaribu njia nyingine. Vikundi vingi vya uhamasishaji wa afya hapa Kenya hutumia mitindo inayofanana na huo. Chukua onyesho la mtu anayerudi bomani akakuta mdogo wake amejenga kwenye kipande chake cha ardhi. Mara ya kwanza wanashikana mashati. Mtu anasema, "Simama!" anachukua nafasi yake na kwenda kwanza kwa mjomba. Mwingine anajaribu kwa chifu. Yule aliyetoka jela anaona, kisha anajaribu kwa mdomo wake mwenyewe, mahali ambapo kukosea hakumrudishi seli.

Kuna ushahidi, au ni maneno matamu?

Upo, lakini una mipaka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kwa jumla yalionyesha kuwa sanaa husaidia kuzuia maradhi na kuwafaa wagonjwa, wakiwemo wa akili. Uingereza, kampuni ya maigizo ya Clean Break ilianzishwa mwaka 1979 na wanawake wawili waliokuwa gerezani, na katika gereza la Sing Sing, New York, maigizo ya wafungwa yamekuwepo tangu 1996. Hata hivyo tafiti nyingi kuhusu maigizo na wafungwa ni ndogo, na wanaojiunga ni wale waliotaka wenyewe. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba tamthilia itamponya ndugu yako anazidisha.

Kiongozi wa kikundi anataka aigize kisa chake, mpaka siku ya kukamatwa. Ni sawa?

Hapana, na kwa hili sitapepesa maneno. Wafadhili na watazamaji hupenda kisa cha kweli, tena chenye machozi. Lakini mtu aliyepigwa, au aliyemuumiza mtu, akilazimishwa kurudia tukio hilo jukwaani anaweza kuamsha kiwewe: jinamizi usiku, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na chanzo. Zaidi ya hapo, mtaa kama Nyalenda, Kisumu, si mkubwa. Huenda shangazi wa aliyeibiwa ameketi safu ya tatu.

Kikundi kinachojali hubuni wahusika wenye majina mengine na mji mwingine. Hakimuulizi mtu alifungwa kwa kosa gani. Kila mmoja ana haki ya kusema "naishia hapa" bila kujieleza. Na kabla ya kuachana, huvua mhusika: wanabadili nguo, wanakaa duara, kila mtu anataja jina lake halisi na atakachofanya jioni hiyo. Kama kikundi kinaruka hatua hiyo ya mwisho, muulize kiongozi kwa nini.

Tutapata wapi kikundi?

Ulizeni kwa afisa wa probesheni, kanisani au msikitini, na kwa mwalimu wa drama wa shule iliyo karibu. Kisumu, watu wa sanaa hupatikana ukumbi wa Mama Grace Onyango. Nakuru, anzia Nakuru Players Theatre. Ulizeni na nauli italipwa na nani, maana wengi huacha kwa sababu hiyo tu.

Ni wakati gani maigizo hayatoshi?

Akikosa usingizi, hamu ya kula au raha ya chochote kwa wiki mbili au zaidi. Akisikia sauti wengine wasizozisikia. Akinywa pombe ili alale. Au akisema afadhali afe. Mpelekeni hospitali: Kisumu kuna ile ya rufaa ya Jaramogi, tunayoiita Russia, Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Aliye kwenye dawa asiziache kwa sababu mazoezi yamemchangamsha.

Wengi waliofungwa huogopa kutaja mawazo ya kujiua wasije wakashtakiwa. Mwambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Akitaja mawazo ya kujiua msimwache peke yake, ondoeni dawa za shambani na kamba karibu naye, na pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.

Mume wangu hataki kabisa kusimama mbele ya watu. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, mama. Ameshalazimishwa ya kutosha. Kikundi kinahitaji pia mpiga ngoma, wa kupigilia misumari jukwaani, wa kushona mavazi, wa kupanga viti. Mwache aende kama fundi, akae pembeni asikilize. Akibaki fundi mpaka mwisho, bado ana watu wanaomngoja Jumanne.