Mlango ukikwama Machi, usikimbilie randa

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ikifika Machi, milango mingi ya Mbeya na Iringa inafungwa kwa kusukuma na bega. Fundi anaitwa, anaranda ukingo wa upande wa kitasa milimita nne, na mlango unafunga vizuri. Agosti, mbao zikikauka, pale aliporanda kuna upenyo unaoingiza baridi usiku kucha. Mbao iliyonyolewa ikiwa imevimba hairudi.

Mbao huvimba kwa upana. Kwa urefu hubadilika kidogo mno. Paina, ambayo ndiyo nyingi huku kwa sababu ya shamba la Sao Hill, hupanuka takriban robo asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka. Chukua mlango wa mbao za kusimama zilizobanwa pamoja, upana wa sentimita 80. Unyevu ukipanda kwa asilimia 4, mbao zote kwa jumla zinavimba karibu milimita 8. Mlango wa paneli wa upana huohuo hauongezeki hata nusu ya hapo, kwa sababu mbao za kulala hazirefuki, na kinachovimba kuelekea fremu ni zile mbili za kusimama za pembeni. Kila moja ikiwa na sentimita 11, ongezeko ni kama milimita 2. Paneli yenyewe inacheza ndani ya mfereji wake, kwa hiyo isitiwe gundi wala misumari. Ikibanwa, itapasuka katikati kiangazi. Mninga hauchezi sana kama paina, na kwa mlango wa nje ningeuchagua huo au mkongo kila bei inaporuhusu.

Kabla ya kulaumu mvua, kagua bawaba. Mlango uliovimba hugusa fremu karibu urefu wote wa upande wa kitasa. Ulioshuka hugusa kona ya juu upande wa kitasa na kukwaruza sakafu kona ya chini ya upande huohuo, huku upenyo ukifunguka kwenye bawaba ya juu. Huo wa pili hauhitaji randa hata kidogo. Egemeza kabari chini ya mlango, toa skrubu zilizolegea, jaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, acha hadi kesho yake, kisha funga skrubu za inchi 2.

Kama umevimba kweli, piga chaki kwenye fremu, funga mlango, na uone chaki imehamia wapi. Paka mshumaa hapo na uvumilie hadi kiangazi. Ukilazimika kuranda, toa milimita moja tu. Septemba ndipo upime: upenyo wa milimita 3 kila upande unatosha mlango wa paneli wa paina.

Unyevu mwingi hupitia mahali ambapo hakuna anayetazama: ukingo wa juu na wa chini, kwenye vichwa vya mbao. Hapo vinyweleo viko wazi kama mirija, na mafundi wengi huacha kupaka vanishi kwa kuwa hapaonekani. Kila siku tunapiga deki, na ukingo wa chini unakunywa. Ng'oa mlango (uwe na mtu wa kukusaidia), ulaze juu ya meza, piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi lote. Mkono wa kwanza wa vanishi changanya na thina sehemu moja kwa kumi ili upenye, halafu mikono miwili isiyochanganywa. Lita moja inatosha mlango mmoja, pande zote na kingo, mikono mitatu.

Saa za kupaka huku zina uzito wake. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, maliza saa nane. Ukipaka jioni, ubaridi wa usiku unaleta unyevu juu ya vanishi mbichi na inageuka nyeupe kama maziwa. Subiri saa 24 kati ya mkono na mkono. Tukuyu na Njombe kukiwa na ukungu, hata siku mbili.

Mlango unaotazama kaskazini ukaguliwe kila mwaka, kwani Juni hadi Agosti jua huwa upande huo na anga ni safi. Vanishi ikianza kupauka, msasa wa 180 na mkono mmoja mpya vinatosha. Ikishabanduka, itabidi ikwanguliwe yote.

Miguu ya fremu ndiyo njia ya mchwa. Wengi hupaka oili chafu ya gari, na ninaikataa: vanishi haikauki juu yake, na mchwa hupita nyuma, upande wa ukuta, ambako brashi haikufika. Tumia dawa ya mchwa ya mbao kabla fremu haijajengewa. Kwa iliyokwisha kujengewa, bomoa vijia vya udongo kila unapoviona na toboa matundu madogo mguuni, kila baada ya sentimita 10, uingize dawa kwa bomba la sindano.