Miguso mingi haimaanishi ushirikiano mzuri

Dhana: kwenye meza ya kompyuta ya kugusa, aliyegusa mara nyingi ndiye aliyechangia zaidi.

Hii nimeisikia hadi imenichosha. Mtu ananunua meza hiyo, anawaketisha wanafunzi wanne kuizunguka, kisha ananiletea chati ya miguso na kuniuliza nani mvivu. Chati itajuaje? Yenyewe inahesabu vidole tu. Anayeburuta kadi za kazi kwenye skrini huku na huko kwa sababu hajaelewa swali ataongoza. Anayefuta kazi ya mwenzake naye anahesabiwa. Halafu yupo aliyekunja mikono, anasoma kadi zote kimya, mwishowe anasema, "Hii haiwezi kuwa chanzo, mbona imetokea baadaye?" Kundi zima linapanga kadi upya. Kwenye chati ana sifuri!

Utafiti wa Harris na wenzake wa 2009 ulilinganisha watoto kwenye meza inayopokea mguso mmoja kwa wakati na inayopokea mingi. Usawa wa kushiriki haukubadilika. Kilichobadilika ni maongezi: kwenye mguso mmoja walizungumzia zaidi zamu ya nani, kwenye mingi wakazungumzia zaidi kazi yenyewe. Tofauti hiyo huipati kwa kuhesabu vidole. Ndiyo maana kila mteja namwambia: kabla ya chati, mvishe kila mtoto maikrofoni yake, usikilize kama hoja ya mmoja inajibiwa na mwingine au inaachwa ipite.

Dhana: meza inajua nani kagusa. Nyingi hazijui. DiamondTouch ya maabara ya Mitsubishi, 2001, ilijua kwa sababu ilipitisha mawimbi hafifu mwilini mwa mtumiaji hadi kwenye kiti chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilazimika kuweka Kinect, kamera inayotambua miili na mienendo, juu ya meza ili kujua mkono ni wa nani.

Dhana: kigezo cha Gini, kipimo cha tofauti za ushiriki ambapo sifuri ni usawa kamili, kikikaribia sifuri, kundi limeshirikiana. Hapana. Wanne wanaofanya kazi sawasawa, kila mmoja kwenye kona yake bila kusemezana, watapata Gini safi kabisa.

Ukitaka alama za kuaminika, chukua vipengele tisa vya kupima ubora wa ushirikiano vya watafiti Meier, Spada na Rummel vya 2007, vikiwemo kuelewana, kukusanya taarifa na kufikia mwafaka. Tazameni wawili video ya kundi likifanya kazi, kila mtu atoe alama peke yake, ndipo mlinganishe. Inachukua muda, najua. Chati ya miguso iacheni ikae pembeni.