Boliti za silinda hedi: usiishie kwenye namba tu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "fundi, hedi ya injini fulani (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) boliti zake zinakazwa ngapi?" Chukua 1NZ-FE ya Toyota. Ni nyutoni mita 29 (kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu unazungusha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 tena. Mtu akisikia 29 anashtuka, mbona kidogo hivyo, nati za tairi zenyewe zinakazwa zaidi ya hapo! Ndo hapo wengine wanaongeza za kwao na kuharibu kazi.

Boliti ya hedi ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo, na ule mvuto wake wa kutaka kurudi ndo unaoibana gasketi, ile karatasi ya kuziba, kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini ulio chini yake. Sasa spana ya toki, ile yenye kusoma nyutoni mita, haipimi mvuto, inapima ugumu wa kuzungusha tu, na sehemu kubwa ya huo ugumu, karibu asilimia 90, inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha boliti na kwenye thredi (ile mistari ya kuzungukia). Kwahiyo boliti kavu yenye kutu na boliti safi iliyopakwa oili kidogo zote zitasoma namba ileile lakini ile ya oili inabana vizuri, ile kavu haibani kitu, na gasketi inaanza kupitisha. Nyuzi hazidanganywi hivyo, maana robo mzunguko ni robo mzunguko, boliti inavutika karibu kiasi kilekile hata msuguano ukitofautiana. Ile 29 ni ya kukalisha vitu pamoja, kazi yenyewe iko kwenye zile nyuzi.

Mimi huweka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti ikiangalia mbele ya injini. Baada ya robo mbili alama zote lazima ziangalie nyuma, isiyoangalia nyuma umeiruka. Unaanza za katikati unatoka nje kwa kupishana, hatua moja uimalize kwa boliti zote ndo uingie inayofuata. Kufungua ni kinyume, nje kuja ndani, kidogo kidogo na injini ikiwa imepoa kabisa, ukifungua ya moto hedi ya alumini inapinda.

Kabla ya yote hayo pima hedi kama imepinda. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), weka kwa urefu pande zote mbili, kwa upana, na mshazari mara mbili. Kwenye 1NZ-FE mwisho wa mwanya chini ya rula ni milimita 0.05 upande wa bloku, na 0.10 upande wa manifoldi, pale inapofungwa mirija ya hewa na moshi. Unywele wa mtu unaweza kuwa mnene kuliko hiyo 0.05, kwahiyo usiniambie umeangalia kwa macho ukaona iko sawa. Na bloku nayo ipime, wengi wanaisahau.

Kitu kinachoniuma sana ni matundu ya boliti. Iliwahi kuletwa kwangu injini iliyofungwa kwingine, hedi nzuri, gasketi mpya, boliti mpya, lakini bloku imepasuka pembeni ya tundu. Maji yalibaki chini humo, na maji hayagandamizwi, boliti ilivyoshuka yakakosa pa kwenda yakapasua chuma. Mwenye gari alikuwa ameshalipia kila kitu. Puliza kila tundu kwa hewa ya kompresa, pitisha kitambaa, hakikisha pakavu. Oili ni tone tu kwenye thredi na chini ya kichwa, usijaze tundu, nayo itafanya kama maji.

Boliti za zamani? Hizi za kuzungushwa kwa nyuzi nyingi zinavutwa mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake wa kurudi au kuupita kidogo, hazirudi kama zilivyokuwa. Baadhi ya manyuali (vitabu vya mtengenezaji) zinaruhusu kurudia ukipima ukakuta haijapita kipimo, nyingine zinakataa kabisa. Kama huna kipimo cha injini hiyo, weka mpya.